Jasusi Mwenye Mtoto Mgongoni

Jumatatu, 2 Juni

Ansila kalala. Maharage yako motoni. Chaji asilimia kumi na tisa. Nimeangalia tena ile ya jasusi mnene, mara ya nne sasa.

Jasusi mwenyewe ana kitambi. Akiruka ukuta, ukuta unatikisika, maana ni ubao umepakwa rangi ya matofali. Adui anakufa mwanzoni, halafu katikati anarudi na ndevu za kubandika, eti ni mtu mwingine. Bomu ni saa ya ukutani imefungwa nyaya. Yule DJ anayetafsiri kwa Kiswahili naye kaona, anasema, "Watazamaji wangu, huyu tulishamzika, lakini tuendelee." Nimecheka mpaka nikaziba mdomo na kanga nisimwamshe mtoto.

Mume wangu Daudi ana zile za gharama kwenye simu yake. Magari yanang'aa, watu wanang'aa, hata damu inang'aa. Nasinzia. Hizi za bei chee sisinzii. Unaona mtu kahangaika. Unaona na kamba iliyomshikilia. Na bado stelingi akikaribia kukamatwa moyo unakwenda mbio vilevile. Hapo ndipo sijielewi. Najua ni ubao, na bado naogopa usije ukamwangukia.

Halafu jasusi ni mtu ambaye hakuna anayemwangalia. Mimi nani ananiangalia? Mwanamke, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, anapita. Ningefaa sana.

Maharage yameungua chini. Nimeongeza maji na kitunguu. Ama hakusema kitu. Ama ni mama yake Daudi, tunakaa naye, na kitongoji kizima kinamwita hivyo, Ama, bibi. Asiposema kitu ndiyo kasema.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeshuka Karatu mjini kuchaji simu na kuongezewa filamu. Bosko fundi simu, kibanda chake kiko nyuma ya soko, nilimkuta kashika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani kafiwa.

Kumbe anatengeneza filamu. Yake mwenyewe. Ya kijasusi. Kwa simu! Ameiandika kwenye daftari la shule, mbele na nyuma, inaitwa Operesheni Ukungu. Binti aliyekuwa acheze jasusi kapata kazi ya kutandika vitanda lodge, kaondoka jana.

Akaniuliza kwa nini kila wiki namwomba zile mbovumbovu wakati mpya zipo. Nikamweleza kuhusu ubao. Nikamweleza ile ya jasusi mnene ningeirekebisha wapi. Niliongea kama redio. Maandazi yangu yakapoa mkononi.

Akasema, "Mama Ansila, cheza wewe."

Nikasema huyu je, ananyonya, nitamweka wapi?

Bosko akamtazama Ansila muda mrefu. Ansila akamtolea povu. Akasema, "Basi jasusi ana mtoto mgongoni. Nani atamsachi?"

Nimepanda mlima wa kurudi nyumbani bila kuusikia mlima.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia hata mahubiri. Nilikuwa natembea kwenye daftari la Bosko.

Daudi yupo na wageni upande wa Ndutu, anapika kambini, mtandao hakuna. Sijamwuliza. Ama simwulizi, namjua. Picha za bunduki anaziita shule ya uongo.

Nimemwambia nimepata kibarua cha kuchuma kahawa Oldeani, siku chache kwa wiki, na mtoto naenda naye. Uongo wangu wa kwanza kwake tangu niolewe. Ulitoka laini kama uji. Ama kasema sawa.

Naona aibu. Nimefurahi. Yote mawili yamelala kitanda kimoja na mimi.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimefika Ulaya.

Bosko alitaka twende juu ukingoni mwa kreta kwenye ukungu mzito, lakini getini bila kibali hupiti. Tukapanda tu hadi kwenye mashamba ya wakulima wadogo, chini ya mashamba makubwa ya kahawa. Saa moja asubuhi ukungu ulishuka wenyewe. Huoni hatua kumi. Miti inatokea mmoja mmoja kama imetumwa. Bosko akasema, "Hii ndiyo Ulaya, na hawajatudai viza."

Adui ni Ombeni, weita wa lodge. Suti nyeusi ni ya kazini kwake, miwani kaazima kwa dereva. Ni mpole mno. Kabla ya kunikaba aliniuliza kama nimekunywa chai. Mimi nilivaa koti la mtumba linafika magotini, mbeleko ndani yake, kichwa cha Ansila kinachungulia kwenye kola.

Bosko kasema tutetemeke kidogo, Ulaya kuna baridi. Hatukuigiza.

Tuliporekodi, ng'ombe akakatiza katikati ya Ulaya. Nyuma yake Paulo mwenye ng'ombe, akatusalimia wote, akaniuliza hali ya Ama, akapita. Paulo kakatwa. Ng'ombe kabaki. Bosko anasema Ulaya nako kuna ng'ombe.

Siri za nchi ziko kwenye flashi, flashi iko kwenye nepi ya Ansila. Kila Ombeni akiunguruma "Nipe siri!" Ansila anacheka kwa sauti. Tumerudia mara saba. Mara ya saba Ombeni mwenyewe kacheka. Bosko kaiacha. Adui anayecheka anatisha zaidi, anasema.

Sijawahi kuchoka hivi kwa raha.

Ijumaa, 13 Juni

Mlipuko. Bosko kajaza kiroba vumbi jekundu na majivu, Ombeni akakipiga teke, mimi nikajirusha pembeni nikiwa nimemshikilia Ansila kichwa. Mlipuko mzuri jamani! Umeninyima pumzi. Nimekuwa mwekundu mpaka kope.

Bastola ni ya mti, imepakwa kiwi ya viatu. Imemchafua Ombeni kiganja. Kwenye kipande kinachofuata anashika simu na mkono mweusi tii. Hatukurudia, jua lilikuwa limesogea. Nikakumbuka ndevu za kubandika za yule adui. Kumbe ndivyo zinavyotokea. Si ujinga. Ni jua.

Kabla ya kurudi niliokota punje za kahawa zilizoiva njiani nikazisugulia vidoleni, nifanane na mchumaji. Nilijisifu hapo.

Ama akampokea Ansila. Akatazama kucha zangu. Akauliza, "Wamekuweka mistari ya juu au ya chini?" Nikasema ya juu. Akasema, "Mm."

Sasa hivi nikiandika ndiyo nakumbuka. Ama kazaliwa kambini, kwenye shamba la kahawa. Mama yake kachuma mpaka mgongo ukapinda. Jasusi gani anasahau hilo?

Jumatatu, 16 Juni

Ama haongei. Anafanya kila kitu, anamwogesha mtoto, ananisogezea ugali, haongei.

Daudi kapiga kutoka Endulen, kapanda kilima kutafuta mtandao, upepo mtupu kwenye simu. Nilitaka nimwambie yote palepale. Kabla sijaanza akasema, "Mama anasema umebadilika. Uko salama?" Nikasema niko salama. Simu ikakatika.

Nimeelewa. Ama anadhani nina mwanaume.

Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Halafu nikacheka, maana kweli ninao wawili, mmoja ananifukuza na mwingine anashika simu.

Jumatano ni kipande cha mwisho. Nikimaliza nitamwambia Ama. Nimeapa.

Jumatano, 18 Juni

Sijavua hata lile koti. Naandika hivyohivyo.

Kipande cha mwisho kilikuwa ukingoni mwa korongo. Adui kanibana. Napiga yowe, hakuna anayesikia, naona niko peke yangu duniani, ndipo napata nguvu ya kumshinda. Ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwuliza Bosko, yowe la kweli? Akasema, "La kweli, Mama Ansila. Litoke tumboni."

Sote watatu tumekulia huku. Mimi Endamarariek, Bosko na Ombeni hapahapa. Hakuna aliyekumbuka yowe kwetu ni nini. Kwenye filamu mtu anapiga kelele mji mzima na hakuna hata dirisha linalofunguka. Tumeziangalia nyingi mno. Tukasahau tuko wapi.

Nikapiga. Tumboni kweli. Ansila akashtuka akaanza kulia.

Kimya kidogo. Halafu ng'ambo ya korongo sauti ya mwanamke ikalipokea. Halafu nyingine juu yake. Halafu nyingine mbali kule kwenye ngano. Bosko bado anarekodi, ananionyesha dole gumba. Mimi nimeshajua.

Walikuja na majembe. Walikuja na mapanga, fimbo, mmoja na mwiko una ugali. Kutoka juu, kutoka chini, kutoka kwenye mbaazi. Ombeni alipowaona alifanya kitu kibaya kuliko vyote, alikimbia. Mtu wa suti nyeusi anakimbia, mama na mtoto wanalia. Ingekuwa mimi ndiye nimekuja na jembe ningemfukuza pia. Kapanda mgrevilea kama ngedere. Suruali ikachanika yote nyuma. Mzee Tluway, jirani yetu wa chini, alifika akihema, akasimama na fimbo akimsubiri.

Lakini wa kwanza kabisa kunifikia alikuwa Ama.

Alitokea nyuma yangu, kwenye migomba, hatua ishirini tu. Kitenge kimefunguka kinaburuzika, yuko na shimizi, mkononi mundu. Akajiweka kati yangu na ule mti. Akasema, "Kaa nyuma yangu." Miaka sabini na kitu. Pumzi inalia kama filimbi.

Nikasema, "Ama, ni sinema."

Akageuka. Akaona koti. Akamwona Bosko na simu yake kwenye kijiti. Akashusha mundu taratibu.

Alikuwa ananifuata tangu asubuhi. Mimi, jasusi, sikumwona.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu, naandika hilo kwanza.

Mwenyekiti wa kitongoji kachukua simu ya Bosko, katuita sote watatu uani kwake. Watu wamejaa nyasini. Ombeni kaja na suruali ya kuazima.

Walisema wote. Mmoja kaacha maziwa yakamwagikia moto. Mmoja kaacha mgonjwa kitandani. Mzee Tluway kapoteza kiatu, na mguu una mwiba mpaka leo. Mwenyekiti hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Alisema, "Siku nyingine nyumba ya mtu itaungua, tutakaa tunaulizana kama ni sinema."

Hilo limeniingia. Limekaa hapa chini ya shingo.

Ndipo Mzee Tluway akataka aone alipoteza kiatu kwa ajili ya nini. Mwenyekiti akawasha simu. Vichwa vikajazana. Wakajiona wanashuka mlima, wanatokea kwenye ukungu na majembe. Mama mmoja akasema, "Jamani, tulikuwa wengi hivi?" Mwingine akasema, "Tazama Hawa anavyoruka mfereji na mimba ile!" Hawa akaziba uso. Wakaanza kucheka, wakairudisha mwanzo, wakairudisha tena.

Mzee Tluway tu hakucheka. "Mbona mimi sionekani? Nilikuwa mbele." Hakuwa mbele. Hakuna aliyemwambia.

Hukumu: nitawapikia makande wote waliokimbia, ndivyo anavyofanya aliyeita bure. Siku za kurekodi Bosko atundike kitambaa chekundu njiani. Na mwisho wa filamu ubadilishwe. Mwenyekiti kasema haiwezekani mtu apige yowe kwetu kisha hewa tu ndiyo imsikie. Wageni wakiona watasema sisi ni watu gani?

Ama alikaa pembeni. Hakunisema. Hakunitetea.

Jumamosi, 21 Juni

Ama haongei.

Naosha nepi nawaza. Nikiita kweli, nani atakuja? Daudi hayupo siku ishirini za mwezi. Tuko mimi, mtoto na bibi kizee. Nyumba yetu iko mwisho, baada yetu ni korongo. Usalama wangu wote ulikuwa ni ile sauti, na mimi nimeichezea.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwomba Ama msamaha. Nilipiga magoti jikoni, Ansila akadhani ni mchezo akanipanda mgongoni.

Ama alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Nilidhani ni mambo mengine." Akachambua. "Mimi mchuma kahawa namjua. Kikapu kinamchuna kiuno. Wewe ulikuwa unarudi unaimba."

Akavuta fungu jingine. Nikadhani yameisha.

Akauliza, "Huyo jasusi, mwisho anapona?"

Nikamsimulia yote kuanzia ukungu. Kwenye flashi ya nepini akaacha mchicha. Akasema kwenye nepi ni pazuri lakini wangeikuta, yeye angeiweka kwenye kibuyu cha maziwa, nani anamwaga maziwa ya mtoto? Mweh! Nimebaki mdomo wazi. Nimemwandikia Bosko ujumbe.

Alhamisi, 26 Juni

Makande. Masufuria mawili ya kuazimwa kanisani. Ama kaamka saa kumi na moja kukoka moto, hakuniambia, nilimkuta yupo.

Niliogopa hawatakuja kula. Wamekuja, na watoto ambao hawakukimbia popote nao wamekuja. Hawa kala sahani tatu, za watu wawili kasema.

Tukafunga kitambaa chekundu tukarekodi mwisho mpya. Mwenyekiti mwenyewe anapanga watu mistari, anapiga kelele kuliko Bosko. Nani alisema watu wa kwetu hawajui kuigiza? Sasa walikimbia vibaya, wanatazama simu, wanajishika nywele. Bosko kasema atatumia kukimbia kwa siku ile, ya kweli, na hii tu ya mwisho wanapomfunga adui kamba.

Ama akasema yeye ile ya kweli hataki. Yuko na shimizi mle. Akarudia peke yake, kitenge kimefungwa mara mbili, mundu juu. Mara tatu alirudia. Ya tatu alipiga na ukelele wake mwenyewe ambao haumo daftarini.

Mzee Tluway hakuja kurekodi. Mguu. Nimempelekea makande. Alikula, akaniuliza kama kweli kwenye ile ya mwanzo haonekani hata kidogo. Nikasema kidogo, fimbo. Kaniangalia tu.

Jumatatu, 30 Juni

Sikitu, ng'ombe wetu, kaanguka kwenye korongo.

Tuna ng'ombe mmoja. Maziwa ya uji wa Ansila ni yake. Saa tisa alasiri nilisikia kishindo, nikakuta ukingo umemeguka na yeye yuko chini kwenye tope, mguu umebanwa, macho yamemtoka. Nilishuka nikamvuta pembe. Upuuzi. Ama juu kashika mtoto, anahema.

Ama akasema, "Piga."

Sikuweza. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliona yale majembe yote, yale maziwa yaliyomwagika. Ningekuwa wao nisingekuja.

Ama akasema, "Pasika! Mimi pumzi yangu imeishia kwenye sinema yako. Piga!"

Jina langu Paskalina, Pasika hajawahi kuniita.

Nikapiga. Mara moja.

Kimya. Upepo kwenye mbaazi. Sikitu anakoroma. Nikahesabu mpaka kumi na nne. Nikasema moyoni, basi, ndivyo ilivyo, nimejitakia.

Halafu ng'ambo, ile sauti ya kwanza, ileile, ikalipokea. Na nyingine juu yake.

Wa kwanza ukingoni alikuwa Mzee Tluway. Mguu mmoja na kiatu, mwingine kitambaa. Kamba begani. Anachechemea lakini mbele, mbele kabisa, nyuma yake hamna mtu kwa hatua nyingi. Akachungulia chini akaniona. Akasema, "Leo je? Naonekana?"

Nikalia hapohapo kwenye tope.

Wakajaa. Kijana mmoja anauliza simu iko wapi, ajipange upande gani. Hawa anamjibu, "Simu ya nini, ng'ombe huyu hapa, shika mkia!" Wamemtoa kwa kamba tatu na mlango wa choo chetu. Kachubuka, hajavunjika.

Baadaye nilimwuliza Mzee Tluway alijuaje kama ni kweli. Alitazama kama kitambaa chekundu hakipo? Alinishangaa. "Nani ana muda wa kutazama kitambaa?"

Jumamosi, 5 Julai

Imeonyeshwa leo! Operesheni Ukungu! Kwenye banda la Mzee Shabani muuza duka, pale wanapoonyesha mpira. Wanawake hatujawahi kuingia mle. Leo tumeingia na vigoda vyetu, Mzee Shabani mwenyewe kasimama mlangoni anasema karibuni mama zangu, hapa pameoshwa.

Daudi karudi jana. Nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Kasema anaijua, kaisikia kwa madereva watatu.

Ng'ombe alipokatiza banda lilipasuka kwa kicheko. "Ng'ombe wa Paulo kaenda Ulaya!" Paulo kasimama kupokea pongezi. Mkono mweusi wa Ombeni, wakauona, wakashangilia. Kwenye kona ya picha kuna kidole cha Bosko mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyejali. Hayo makosa ndiyo walikuwa wanayasubiri, wanagusana, umeona? umeona? Na Ombeni aliponibana ukingoni, watu walewale, wanaojua kila kitu, waliokuwepo, wakanyamaza. Mama mmoja kaniambia mimi, nimekaa pembeni yake, "Kimbia, kakushika!"

Yowe likalia. Halafu wale wa kweli wakatokea kwenye ukungu.

Sijui kulielezea hilo. Watu walisimama juu ya vigoda. Hii ndiyo nilikuwa naitafuta kwa jasusi mnene, nadhani. Siyo kudanganywa. Ni kujua kuwa ni ubao na kuushikilia pamoja.

Na fimbo ya Mzee Tluway! Bosko kaikuza. Sekunde nne nzima, fimbo imejaa kiooni. Mzee mwenyewe alipiga mluzi.

Ama alipotokea na mundu wakamwita jina kama stelingi. Alitazama chini, anatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo.

Nilimtazama Daudi, Ansila kamlalia kifuani. Nikamwuliza, haing'ai, sivyo? Akasema, "Sikusinzia."

Jumapili, 6 Julai

Nimechelewa kuamka. Nimelala kama gunia, ndani ya wiki mbili sijalala hivyo.

Daudi kaenda kurudisha kamba kwa watu. Ansila anatafuna kifuniko. Sikitu kakamuliwa kidogo, mguu bado, lakini kasimama.

Ama alikuwa nje kabla ya watu wote. Kaniita kwa sauti ndogo, nikatoka na chai yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka chini kuliko siku zote, umekula mbaazi, umekula korongo, umefika mpaka mlangoni pa zizi.

Akakikaza kitenge chake mafundo mawili. Akasema, "Njoo uone. Ulaya imekuja yenyewe."

Tukakaa mlangoni tunaitazama, chai inapoa. Ng'ambo mtu alikuwa anamwita mwenzake kwa ajili ya maji tu. Sauti ikaja mpaka kwetu, wazi kabisa.